Somo: Kuandaa tovuti na huduma kwa wateja wanaosema Kihispania

Habari zenu wanachama. Somo hili ni la wenzangu wa utalii hapa Nakuru wanaopeleka wageni Ziwa Nakuru na Hell's Gate. Mimi hutengeneza tovuti, na kosa ninalolikuta sana ni mtu kukimbilia tafsiri kabla hajaamua nani atajibu meseji.

Hatua ya 1: Nani atajibu?
Ukiweka ukurasa wa Kihispania, mgeni atakuandikia kwa Kihispania. Kama huna mtu, mwambie mapema, juu ya fomu: "Respondemos en inglés" (tunajibu kwa Kiingereza). Maswali yanayojirudia (bei, malipo ya awali, usafiri kutoka Nairobi) yaandikie majibu, yapitiwe na mtu aliyekua akisema lugha hiyo, kisha yahifadhi kwenye simu.

Hatua ya 2: Kihispania cha nani?
Gari Uhispania ni "coche", Mexico ni "carro", Argentina ni "auto". "Coger" Madrid ni kupanda basi, lakini Mexico na Argentina ni tusi. Ukilenga nchi zote, tumia "usted" (wewe, kwa heshima) na "ustedes" (ninyi). Heshima haimkeri mgeni.

Hatua ya 3: Saa
Hapa tusikilizane vizuri. Niliwahi kutafsiri ratiba moja kwa moja kutoka Kiswahili: kuondoka saa kumi na moja alfajiri, ili gari liwe getini mwa hifadhi likifunguliwa. Nikaandika "las once". Kwao hiyo ni 11:00, saa tano yetu. Dereva alifika hotelini giza halijaisha, wageni wamelala fofofo, na asubuhi ile ya kuona wanyama ikapotea. Niliumia, maana walikuwa wamebakiza siku moja tu. Tangu siku hiyo naandika 05:00, kwa mtindo wa saa 24, na kando yake "hora de Kenia". Kenya iko mbele ya Madrid kwa saa mbili wakati wa baridi yao, na saa moja wakati wa joto.

Hatua ya 4: Majina na herufi
Mhispania huwa na majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Fomu ikikubali neno moja tu, jina kwenye kibali halitalingana na pasipoti. Weka kisanduku kimoja cha "Apellidos" kinachokubali nafasi katikati. Kisha jaza mwenyewe "Núñez Ibáñez", utume, uone limefikaje kwenye barua pepe. Kiwimbi cha ñ si pambo: "año" ni mwaka, "ano" ni tundu la haja kubwa.

Hatua ya 5: Kurasa zenyewe
Kila lugha iwe na anwani yake, mfano /es/, na ndani ya msimbo wa ukurasa uandike lang="es", yaani lugha ya ukurasa ni Kihispania. Kwenye kitufe andika "Español", usiweke bendera ya Uhispania; Mkolombia naye ni mteja wako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi natembeza watu msitu wa Kakamega kuona ndege. Majina ya ndege niyatafsiri?
Jibu: Weka jina la kisayansi kwanza, kaka, mfano Corythaeola cristata (Great Blue Turaco). Mpenda ndege wa nchi yoyote atalitambua.

Tunauza waridi Naivasha. Siku ya Mama kwao ni lini?
Jibu: Uhispania ni Jumapili ya kwanza ya Mei, Mexico ni tarehe 10 Mei kila mwaka. Msisahau 23 Aprili, Sant Jordi (sikukuu ya Mtakatifu George): Catalonia nzima, jimbo la Uhispania, hupeana waridi siku hiyo.

Nina boti Dunga, Kisumu. Sina tovuti, ni WhatsApp tu. Hili linanihusu?
Jibu: Linakuhusu sana, dada. Anza na bei. Ukiandika 1,500, Mhispania anaweza kusoma moja na nusu, kwa sababu kwao mkato hutenga desimali. Andika 1500 KES, na chini yake "chaleco salvavidas incluido", ajue jaketi la kuokolea limo ndani ya bei.