Programu Inapokataa Kusakinishwa: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Kisakinishi kinapokwama katikati ya kazi au kufunga dirisha lake ghafla, watu wengi hukibofya tena na tena wakitumaini kwamba safari hii kitakubali. Kurudia kitendo kilekile bila kubadilisha chochote hufaa mara chache sana, na wakati mwingine huacha mabaki ya faili ambayo huzuia hata jaribio ambalo lingefaulu. Sababu ya kukataa ipo, na karibu kila mara kompyuta imeiandika mahali fulani. Kazi ya kwanza ni kuitafuta kabla ya kugusa mpangilio wowote. Maelezo haya yanahusu zaidi kompyuta zinazotumia Windows, ingawa njia ya kufikiri ni ileile kwenye mifumo mingine.

Soma ujumbe wa kosa kabla ya kuufunga

Nakili maneno yote yaliyo kwenye kidirisha pamoja na namba yake, au piga picha ya skrini. Faili zinazoishia na .msi hushughulikiwa na huduma ya Windows Installer, ambayo namba zake zina maana zinazojulikana. Namba 1618 inasema kwamba usakinishaji mwingine unaendelea, kwa hiyo subiri umalizike au uwashe kompyuta upya. Namba 1638 inasema toleo jingine la programu hiyohiyo tayari limo, na 1633 inasema kifurushi hakiendani na aina ya prosesa uliyo nayo. Namba 3010 si kosa hata kidogo: usakinishaji umefaulu na kilichobaki ni kuwasha kompyuta upya, hivyo inasikitisha mtu anapoondoa programu iliyokwisha kuingia vizuri kwa kuiogopa namba hiyo. Ukiona 0x80070005, umenyimwa ruhusa. Ukiona 0x80070070, diski haina nafasi ya kutosha.

Namba inayosumbua kuliko zote ni 1603, kwa kuwa husema tu kwamba usakinishaji umeshindwa bila kutaja kilichoushinda. Hapo ndipo unapohitaji logi, yaani faili ambamo kisakinishi huandika kila hatua kinayoifanya. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, nenda kwenye folda yenye kisakinishi, kisha andika amri ifuatayo ukiweka jina la faili yako mahali pa «programu»:

msiexec /i programu.msi /l*v logi.txt

Usakinishaji utashindwa kama awali, lakini sasa kila hatua itakuwa imeandikwa kwenye faili ya logi.txt. Faili hiyo inaweza kuwa na maelfu ya mistari, na kuisoma kuanzia juu ni kupoteza muda. Ifungue kwa Notepad, tafuta maneno «Return value 3», ambayo huandikwa pale hatua fulani iliposhindwa, kisha usome mistari iliyo karibu kabisa juu yake. Tuseme hapo umekuta kosa namba 1304 likifuatiwa na njia ya folda. Maana yake kisakinishi kilijaribu kuandika faili kwenye folda hiyo kikashindwa. Unaweza kushangaa, kwa kuwa wewe mwenyewe unaifungua folda hiyo na kuandika humo bila shida. Lakini Windows Installer hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa akaunti ya ndani iitwayo SYSTEM, na ruhusa zako haziisaidii akaunti hiyo. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, nenda kwenye sehemu ya usalama, na uhakikishe kwamba SYSTEM ina udhibiti kamili. Folda iliyosimbwa kwa njia fiche huleta kosa lilelile la 1603, na tiba yake ni kuchagua folda nyingine au kuondoa usimbaji huo.

Visakinishi vinavyoishia na .exe mara nyingi huacha logi zao kwenye folda ya faili za muda. Andika %temp% kwenye upau wa anwani wa kidirisha cha folda, bonyeza Enter, panga faili kwa tarehe, na uangalie zilizoandikwa dakika chache zilizopita.

Hakikisha faili uliyopakua ni nzima

Intaneti ikikatika wakati wa kupakua, unaweza kubaki na faili inayoonekana kamili kwa jina ilhali sehemu yake haipo. Watengenezaji wengi huweka alama ya SHA-256 kando ya kiungo cha kupakulia, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika kabisa hata biti moja tu ya faili ikibadilika. Andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe jibu na alama iliyotolewa. Zikitofautiana, futa faili hiyo na uipakue upya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, kwa kuwa imeharibika njiani au imechezewa na mtu.

Kama kisakinishi kimo ndani ya faili ya zip, kitoe pamoja na folda zake zote kabla ya kukiendesha. Ukikibofya kikiwa bado ndani, Windows inaweza kukitoa peke yake na kuacha faili zinazokitegemeza, nacho kitalalamika kwamba hakizioni. Kumbuka pia kwamba flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, haiwezi kubeba faili moja inayofikia GB 4, hata kama ina nafasi tele.

Linganisha programu na kompyuta

Fungua mipangilio, ingia kwenye sehemu ya mfumo, kisha kwenye maelezo kuhusu kompyuta, ambako utaona kama Windows yako ni ya biti 32 au 64 na kama prosesa ni ya aina ya ARM. Programu ya biti 64 haiwezi kuendeshwa kwenye Windows ya biti 32, ilhali ya biti 32 huendeshwa kwenye ile ya biti 64 bila tatizo. Programu za zamani sana za biti 16 hazikubaliki kabisa kwenye Windows ya biti 64. Toleo lenyewe la Windows utalipata kwa kuandika winver kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kuhusu nafasi ya diski, watu wengi hudanganyika. Hata ukichagua kuweka programu kwenye diski D, kisakinishi huwa kinafungua kwanza faili zake kwenye folda ya muda iliyo kwenye diski C, na diski C ikijaa kazi husimama.

Faili ya DLL isiyoonekana

DLL ni faili ya msimbo ambayo programu kadhaa huitumia kwa pamoja. Ujumbe unaosema kwamba VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll haipo umewaponza watu wengi, kwa kuwa hukimbilia kutafuta jina hilo mtandaoni na kuishia kwenye tovuti zinazogawa faili mojamoja za DLL. Nakusihi usifanye hivyo. Hujui faili hizo zimetoka wapi, na hata ikiwa safi inaweza kuwa ya toleo lisilofaa. Faili hizo mbili ni sehemu ya kifurushi kiitwacho Microsoft Visual C++ Redistributable, kinachopatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Programu ikiwa ya biti 32, inahitaji kifurushi cha x86 hata kama Windows yako ni ya biti 64, na kwa sababu hiyo inafaa kusakinisha vyote viwili, x86 na x64. Programu za zamani zinazodai .NET Framework 3.5, kipengele cha Windows ambacho programu hizo hukitegemea, mara nyingi hutatuliwa kwa kukiwasha kipengele hicho kwenye orodha ya vipengele vya Windows.

Ulinzi wa kompyuta

Programu ya kuzuia virusi inaweza kuiondoa faili ya kisakinishi kimyakimya, kwa hiyo angalia karantini yake, yaani mahali inapofungia faili inazozishuku, kabla ya kulaumu kitu kingine. Ushauri wa kuuzima ulinzi wote hutolewa kwa wepesi mno. Fungua kwanza sifa za faili na uangalie saini ya kidijitali ili ujue aliyeitengeneza. Ikiwa umeithibitisha na mtengenezaji ameeleza wazi mgongano huo, zima ulinzi kwa muda wa usakinishaji tu na uuwashe tena pindi unapomalizika. Maelekezo ya kuzima ulinzi yakiambatana na programu iliyovunjwa leseni, achana nayo.

Angalia pia saa na tarehe. Kompyuta ikiwa nyuma kwa miaka, vyeti vya usalama vitaonekana si halali, na visakinishi vinavyopakua faili mtandaoni vitakataa kuunganishwa. Saa ikirudi nyuma kila unapozima kompyuta, huenda betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha.

Hayo yote yakishindikana, endesha kwenye dirisha la amri la msimamizi DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, ili kurekebisha faili za mfumo zilizoharibika. Kwenye Ubuntu na Debian, ambayo ni mifumo ya Linux, usakinishaji uliokatika njiani humaliziwa kwa sudo dpkg --configure -a, na vifurushi vilivyopungukiwa na vitegemezi, yaani vifurushi vingine vinavyovihitaji ili vifanye kazi, hurekebishwa kwa sudo apt --fix-broken install. Popote ulipo, badilisha jambo moja tu kisha ujaribu. Ukibadilisha matano kwa pamoja, hutajua lipi limeponya na lipi limeleta tatizo jipya.

Unapomwandikia mtengenezaji kuomba msaada, taja toleo la programu, toleo la Windows, ujumbe wa kosa neno kwa neno, na mambo uliyokwisha kuyajaribu, kisha ambatisha logi. Ipitie kwanza, kwa kuwa logi huonyesha jina la akaunti yako na njia za folda zako, na wakati mwingine hata namba ya leseni. Vifute vyote kama unaiweka mahali pa wazi.