Kubuni Rangi ya Fluoresensi ya Kuonyesha Utando wa Seli

Anayebuni rangi ya fluoresensi, yaani inayong'aa ikimulikwa, ya kuonyesha utando wa seli aanze na mahali rangi hiyo itakapokaa, kabla hajafikiria itang'aa kijani au nyekundu. Utando una unene wa nanomita 4 hadi 5 hivi, nao ni tabaka mbili za lipidi zenye vichwa vinavyopenda maji na mikia inayoyakwepa. Molekuli yako nayo iwe na pande mbili: mnyororo wa mafuta, mathalani wa kaboni 12, unaoitia nanga, na kichwa chenye chaji ya umeme, kama kundi la sulfonati, kinachoizuia isipenye ndani. Rangi iitwayo Nile Red, ile ya kawaida, haina kichwa hicho, ndiyo maana huingia ndani na kutia rangi matone ya mafuta. Picha hupendeza, lakini si picha ya utando. Minyororo mirefu mno nayo ina gharama yake: rangi ya DiI, yenye minyororo miwili ya kaboni 18, hung'ang'ania utando barabara, ila huyeyuka kwa shida katika maji.

Kiini cha molekuli, yaani sehemu yake inayong'aa, kiwe na upande unaotoa elektroni na upande unaozivuta, kwa kuwa kiini cha namna hiyo huhisi mazingira yake. Rangi iitwayo Laurdan, kwa mfano, hutoa mwanga wa karibu nanomita 440 katika utando uliobana, na karibu 490 katika uliolegea, ambamo maji hupenya zaidi. Ukilinganisha nguvu za mianga hiyo miwili utajua utando umebana kiasi gani. Kasoro yake ni kwamba huamshwa ing'ae kwa mwanga wa urujuanimno, ambao hudhuru seli hai. Kwa maoni yangu, ni heri kurefusha kiini hadi kiamshwe na leza ya nanomita 488, iliyomo katika hadubini nyingi za konfoko, zile zinazopiga picha ya tabaka moja jembamba la sampuli.

Jaribu rangi yako kwanza kwenye liposomu, yaani vifuko vidogo vya lipidi vilivyotengenezwa maabara, zenye kolesteroli na zisizo nayo. Kisha, kwa mtafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha au wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, chembe nyekundu za damu ya binadamu zinafaa sana, mradi kibali cha maadili na ridhaa ya mtoaji vipatikane: zilizokomaa hazina kiini cha seli wala tando za ndani, hivyo rangi ikionekana katikati yake badala ya ukingoni, ujue imepenya. Zioshe kuondoa plazma, kwani albumini, protini iliyomo humo, hunasa rangi, na uweke pembeni sampuli isiyotiwa rangi kwa ulinganisho.