Kabla hujatuma vyeti Uingereza

Tangu nirudi Tanga likizo kutoka kazini Uingereza, wauguzi watatu wameshanipigia hodi hapa Chumbageni na bahasha za vyeti mkononi. Wote wanauliza: elimu yetu inatosha kule? Nawaambia inatosha, ila imeshonwa kwa mshono mwingine, na usipoujua mshono wenyewe utapoteza fedha na miaka.

Huku kwetu kuna astashahada ya miaka miwili, stashahada ya mitatu, na shahada ya minne ikifuatiwa na mwaka wa mafunzo kazini. Stashahada niliyosoma mimi ni ya uuguzi na ukunga kwa pamoja. Nilizalisha, nikahamishiwa wodi ya watoto, nikamalizia majeruhi. Muuguzi wa Uingereza husoma shahada, kwa kawaida miaka mitatu, saa 4,600, nusu masomo na nusu kwa wagonjwa. Lakini tangu mwanzo ameshachagua tawi: watu wazima, watoto, afya ya akili, au wenye ulemavu wa kujifunza. Ukunga ni fani ya peke yake, na usajili wake ni wa peke yake.

Kwa hiyo anza kwa kuchagua tawi, hata kabla ya pasipoti. Chukua daftari, andika wodi zote ulizofanya kazi na muda wa kila moja. Mmoja wa hawa watatu ana miaka sita leba, naye anataka kuomba uuguzi wa watu wazima kwa kuwa kasikia nafasi ni nyingi. Nimemwambia: dada, mwombe metroni akupeleke wodi ya wagonjwa wa ndani walau miezi sita, mkono uzoee tena. Vinginevyo omba ukunga, fani unayoilala na kuiamka.

Mitihani ya Kiingereza inayokubalika ni miwili, IELTS na OET; chagua mmoja. IELTS wanataka 7 kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kuandika. OET wanataka B, na C+ kwa kuandika. Mimi nilichagua OET kwa sababu unaandika barua ya mgonjwa, na barua za rufaa nimeziandika tangu nikiwa zahanati.

Baraza lao la wauguzi na wakunga, NMC, lina mitihani miwili. Wa kwanza ni wa kompyuta: hesabu za dawa na maswali ya uuguzi. Soma, utapita. Wa pili, OSCE, ni wa vitendo, hufanyika Uingereza kwenyewe, unapita vituo kumi vya kupimwa, na hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Sisi tumelelewa kufanya kazi kimya. Wagonjwa arobaini, nesi mmoja, maneno ya nini? Kule mtahini anataka akusikie. Jitambulishe, uliza jina na tarehe ya kuzaliwa, soma bangili ya mkononi, uliza mzio, omba ridhaa, kisha ndiyo umguse. Nilichoma sindano vizuri kabisa, nikafelishwa kituo kwa sababu sikuuliza mzio. Ada yangu ilikuwa pauni 794, na kurudia vituo nilivyoanguka nikalipa nusu yake, 397. Fedha ile iliniuma.

Jifunze pia NEWS2, chati yao ya kutambua mapema mgonjwa anayezidiwa: upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, fahamu na joto, kila kimoja kina alama, na jumla ndiyo inakwambia umwite daktari saa ngapi. Vipimo hivi tunavipima kila siku. Ni kuvipa alama tu ndiko kugeni kwetu.

La mawakala nalisema kwa uchungu. Mmoja alikula laki nane zangu, simu ikazimwa. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Uingereza zinakataza waajiri na mawakala kuja kutafuta wauguzi katika nchi hizo. Kuomba mwenyewe moja kwa moja kunaruhusiwa. Basi anayekufuata hadi Ngamiani akikuahidi kazi, mwogope.

Hao watatu wanakuja tena kesho baada ya alasiri, tufanye mazoezi ya vituo barazani kwangu. Ukija, njoo na mashine ya presha, na uwe tayari kusema kila kitu kwa sauti.