Kusoma jedwali la mikimbio ya besiboli ya 1876, hatua kwa hatua

Haya majedwali ya zamani nayapanga mwenyewe kwenye Eksel karibu kila wikiendi, na kama ndo unaanza nakushauri uanze na 1876, msimu wa kwanza wa National League kule Marekani, timu nane tu hazikuchoshi.

Hatua ya 1: jua mkimbio (run, yaani pointi ya besiboli) anaandikiwa nani. Anaandikiwa yule aliyezunguka beisi zote (vile vituo vya uwanjani) akarudi nyumbani, pale alipoanzia kupiga, sio aliyepiga mpira uliomrudisha. Hapa wengi wanachanganya.

Hatua ya 2: fungua safu nne, jina, timu, mechi, mikimbio. Safu ya mechi usiiruke kabisa, maana Athletics ya Philadelphia na Mutuals ya New York walikataa safari ya mwisho ya kwenda kucheza magharibi na wakafukuzwa ligi, kwa hiyo Athletics ina mechi 60, Mutuals 57, wakati Boston imecheza 70.

Hatua ya 3: gawanya mikimbio kwa mechi. Wa kwanza ni Ross Barnes wa Chicago, 126 kwa mechi 66, unapata 1.91. Anayemfuata kwa jumla ya mikimbio ni George Wright wa Boston, 72 kwa mechi 70, yaani 1.03. Angalia hilo pengo jamani, mikimbio 54 kati ya wa kwanza na wa pili! Mi kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Hatua ya 4, na hii ndo naipenda kuliko zote: chukua mikimbio ya timu nzima. Chicago walipata 624, kwa hiyo katika kila mikimbio mitano mmoja ni wa Barnes. Halafu cheki homurani zake (pigo linalompa mpigaji nafasi ya kuzunguka beisi zote mara moja), ni moja tu msimu mzima, ile ya tarehe 2 Mei pale Cincinnati ambayo ndo ya kwanza kwenye historia ya ligi hiyo. Hiyo mingine 125 alifika beisi kwanza kisha akarudi nyumbani baadaye, mara nyingi kwa mipigo ya wenzake, na wenzake walikuwa moto kweli, timu ilishinda mechi 52 kati ya 66.

Hatua ya 5: soma sheria za mwaka huo. Mpira ukidunda ndani ya mstari wa pembeni halafu ukatoka nje kabla ya kufika beisi ulikuwa halali, na Barnes alikuwa fundi wa kuupiga hivyo, mdakaji anaukimbilia huko pembeni, tena wengi walidaka mikono mitupu bila glovu. 1877 sheria ikabadilishwa, Barnes akashuka, ila usiandike kwamba ni sheria peke yake, mwaka huohuo aliugua akacheza mechi 22 tu.

Hatua ya 6: sasa ndo ulinganishe na misimu mingine. Rekodi ya jumla ya mikimbio kwa msimu mmoja ni ya Billy Hamilton wa Philadelphia, 198 mwaka 1894, mwaka mmoja tu baada ya mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) kusogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6. Gawanya kwa mechi zake 132, inakuja 1.50. Kwa kila mechi Barnes bado yuko juu.