Kwenda kutunza kwa maringo

Wasichana wengi siku hizi wakiinuka kutunza kwenye taarabu, yaani kumpa mwimbaji hela, wanakwenda kama wanaowahi daladala. Noti imekunjwa ngumini, anamsukumia mwimbaji, huyo, keshageuka. Hela imetoka na maringo hatukuyaona.

Maringo yanatokana na kuringa, kama mazungumzo yalivyotokana na kuzungumza. Na kuringa kuna sura mbili: kujiona, na kwenda kwa kujinata, mwili ukiyumba taratibu. Mtaani ukiambiwa "unaringa wewe", umesemwa. Kwenye taarabu umesifiwa. Wala usichanganye na kukata kiuno. Hicho kina ngoma zake, chakacha ikiwemo. Huku kwetu kiuno hakitumwi, kinafuata miguu.

Kwanza chenji. Noti moja ya elfu kumi ni safari moja tu. Zivunje elfu moja moja, upate kuinuka kila moyo unapokutuma. Bashraf, muziki wa ala tupu, ikipigwa tulia kitini, haina mwimbaji, utamtunza nani? Nyimbo zikianza, sikiliza maneno. Anayeinuka kabla ya kusikia beti hata moja namwona amekuja kuonwa tu. Subiri beti likuguse, au limguse yule unayemjua wewe, kisha toka kwenye kibwagizo.

Sasa mwendo, na hapa ndipo penye kazi. Sikiliza ngoma ya dumbaki, usiifuate fidla, itakupoteza. Pigo zito la dumbaki ndilo la kukanyagia. Hatua iwe fupi, mguu mmoja uupite mwenziwe kidogo tu. Ukipanua hatua, nyonga zinakufa. Magoti yalegee. Mabega yashushe, yasitikisike hata kidogo, maana ukiyatikisa umeshahamia ngoma nyingine. Noti ishike kwa ncha za vidole viwili, mkono juu ya bega, kiganja kikizungukazunguka polepole kutoka kwenye kifundo. Macho usiyainamishe. Kama una mtu wako humo ukumbini, mtazame mara moja inatosha. Kumnyooshea kidole ni ugomvi, na mimi ugomvi wa ukumbini siupendi.

Ukifika mbele usimpe papo hapo. Simama, mwache amalize mstari, yumba naye kidogo, ndipo umtie noti mkononi. Kumbandika usoni sikubali, ingawa wapo wanaofanya: yule anaimba, jasho linamtoka, na wewe unamziba jicho.

Kurudi ndiko kunakowashinda wengi. Wakishatoa, wanakimbilia viti. Rudi kwa mwendo uleule, kwenye pigo lilelile, na usikae mpaka kibwagizo kiishe.

Kufanya mazoezi, jifunge khanga kiunoni, uibane kwenye mapaja, utembee ukumbi wa nyumba kutoka mlango hadi mlango na redio imewashwa. Khanga itakukatalia hatua ndefu yenyewe. Viatu vya visigino virefu viache mpaka uweze peku, na baibui likiwa linaburura, lipeleke kwa fundi akupunguzie kabla ya siku ya shughuli.