Kuhamisha kadi za katalogi kwenye kompyuta: mwongozo kwa maktaba ndogo za Mwanza

Kabati la kadi, lile la droo ndogondogo zenye kadi za sentimita 7.5 kwa 12.5, lisitupwe siku kompyuta inapofika. Kadi ndizo malighafi ya kazi yote, na kosa lililomo ndani yake litaingia kwenye mashine usipoliondoa kwanza.

Anzia kwenye rafu. Chukua kadi zilizopangwa kwa namba za Dewey (namba za kupanga vitabu kwa mada), kwa sababu humo kila kitabu kina kadi moja tu. Ukianza na kadi za waandishi au za mada, kitabu kimoja kitaingizwa mara tatu au nne. Nenda na droo hadi rafuni. Kadi isiyo na kitabu itie kwenye boksi lake, kitabu kisicho na kadi kichomekee kipande cha karatasi, na vitabu vilivyochakaa viondoe sasa hivi. Kuandika rekodi, yaani maelezo ya kitabu kwenye kompyuta, huku kitabu kiko mkononi huchukua kama dakika 6. Vitabu 4,000 ni saa 400, yaani watu wawili wakifanya saa 4 kwa siku watahitaji siku 50 za kazi. Mkuu wa shule au chuo apewe hesabu hiyo kabla ya kununua chochote, maana kazi nyingi za namna hii hukwama katikati kwa kukosa watu, wala si kwa kukosa mashine. Na tangu siku ya kwanza, vitabu vipya viingie kwenye kompyuta moja kwa moja, kadi mpya zisiandikwe tena.

Rekodi ziandikwe kwa muundo wa MARC, yaani mpangilio maalumu wa kuandika maelezo ya kitabu ili kompyuta iyasome. Ulibuniwa Library of Congress, Marekani, miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram, na rekodi zake zikaanza kusambazwa kwa maktaba nyingine mwaka 1969. Lengo lilikuwa kitabu kiandikiwe rekodi mara moja, kisha mashine yoyote iweze kuisoma. Mwaka 1985 UNESCO ilitoa CDS/ISIS, programu ya kutunza rekodi, kwa ajili ya kompyuta ndogo, ikaigawa bure, na maktaba nyingi za Afrika ziliingia kwenye kompyuta kwa mlango huo. Programu ilikuwa nzuri, ila kila maktaba iliweza kujitungia namba zake za uga (uga ni sehemu moja ya rekodi, kama ya mwandishi au ya jina la kitabu), na hapo ndipo shida ilipoanza. Kama una faili za zamani zenye mkia wa .MST, usizichape upya. Zitoe kwa muundo wa ISO 2709, ule wa kubadilishana rekodi kati ya programu, pamoja na jedwali linaloonyesha uga upi wa zamani unakwenda uga upi wa MARC. Jaribu na rekodi 20 kwanza, uzisome moja moja.

Rekodi ya kitabu cha mwandishi wa Ukerewe inaonekana hivi (100 ni mwandishi, 245 jina la kitabu, 260 uchapishaji, 651 mahali kinapohusu):

100 1_ $a Kitereza, Aniceti
245 10 $a Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka
260 __ $a Dar es Salaam : $b Tanzania Publishing House, $c 1980
651 _4 $a Ukerewe $v Riwaya

Tarakimu ya pili baada ya 245 huiambia mashine iruke herufi ngapi inapopanga majina ya vitabu. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na "The" huwekewa 4, kwa kuwa nafasi nayo huhesabiwa. Cha Kiswahili ni 0 daima. Katika uga wa 008, nafasi ya 35 hadi 37, andika swa. Ukiiacha wazi, msomaji anayechuja vitabu vya Kiswahili hatakiona.

Jambo linalosumbua zaidi huku kwetu ni alama ya ng'. Majina ya Kisukuma yamejaa Ng'w, na vitabu vya ufugaji vimejaa ng'ombe. Kompyuta inazo alama mbili tofauti, iliyonyooka na iliyopinda, na programu za kuandikia barua hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kukuuliza. Kwa baadhi ya programu hayo ni maneno mawili yasiyofanana. Nyingine hukata neno likawa "ng" na "ombe". Amueni kutumia iliyonyooka peke yake, na kwa kila jina la kitabu lenye alama hiyo ongezeni uga wa 246 wenye jina lisilo nayo, kwa sababu wasomaji wengi huchapa "ngombe".

Mada nazo zifuate ulimi wa msomaji. Rekodi iliyochukuliwa nje itakuwa na mada za Kiingereza. Ziache, kisha ongeza sangara, dagaa, furu au pamba katika uga wa mada, 650, wenye tarakimu ya pili 4. Weka orodha moja ya mada zilizokubaliwa, ibandikwe ukutani, la sivyo mmoja ataandika "Uvuvi" na mwenzake "Wavuvi".

Ukianza na Excel, safu ya ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ifanye kuwa maandishi kabla ya kuchapa. Vinginevyo sifuri ya mwanzo hupotea, na namba ya tarakimu 13 hugeuka 9.79E+12. Kisha hamishia Koha, programu huria ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000.

Lebo za msimbopau ziwe na namba za urefu mmoja, mfano MZ000001, zibandikwe mahali pale pale kwenye kila kitabu na kufunikwa kwa plastiki, kwani unyevu wa ziwani huachanisha gundi. Kompyuta ya mezani iwekewe UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Nakala ya hifadhidata itoke kila jioni: moja ibaki kwenye mashine, moja kwenye diski ya nje, moja ilale jengo jingine. Kila mwezi jaribu kuifungua, maana nakala isiyofunguka si nakala.

Droo moja ikiisha, chomoa vitabu 20 rafuni bila kuchagua uvitafute kwenye kompyuta, kisha chagua rekodi 20 uvitafute vitabu vyake rafuni. Vikikosekana zaidi ya viwili, rudia droo hiyo kabla ya kufungua nyingine.