Simu Inapokuonyesha Mahali Usipokuwepo

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, bainisha kwanza ni kitu gani hasa kilichokosea, kwa sababu simu inayokupoteza njia huwa na kasoro moja kati ya tatu, na dawa ya moja haiiponyi nyingine. Inawezekana simu haijui ilipo. Inawezekana inajua ilipo lakini haijui imeelekea wapi. Na inawezekana inajua yote mawili, ila ramani iliyo chini ya kitone cha buluu ndiyo yenye makosa. Ili kuzitenganisha, simama mahali pa wazi unapopafahamu vizuri, kwa mfano penye makutano ya barabara mbili, ufungue programu ya ramani na usubiri dakika mbili. Kitone kikitulia kwenye makutano hayo, setilaiti hazina hatia, na kilichobaki ni kuchunguza dira au ramani.

Kitone kikiwa mbali, tazama duara hafifu linalokizunguka, kwani hicho ndicho kiasi cha shaka ambacho simu yenyewe inakikiri. Duara linalofunika kata nzima huashiria kwamba simu haijapata setilaiti na inakisia kwa minara ya mtandao, au kwamba programu haikuruhusiwa kujua mahali halisi. Tangu Android 12 na iOS 14, mtumiaji anaweza kuipa programu mahali pa kukadiria tu, na wengi hufanya hivyo kwa haraka bila kusoma. Kwenye Android, fungua Mipangilio, kisha Programu, uchague programu ya ramani, uingie kwenye Ruhusa na Mahali, uwashe matumizi ya mahali halisi. Duara dogo lililo mahali pasipo sahihi kabisa, hasa ukiwa ndani ya nyumba, ni jambo jingine: simu huitambua ruta ya Wi-Fi iliyo karibu na kuulizia ilikowahi kuonekana, hivyo ruta iliyohamishwa kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam inaweza kukuweka Arusha kwa muda. Zima Wi-Fi na utoke nje.

Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake hutufikia yakiwa dhaifu kiasi kwamba bati la baraza linatosha kuyazuia. Simu inahitaji kuzisikia angalau setilaiti nne kwa wakati mmoja, tatu kwa ajili ya mahali na ya nne kwa ajili ya kusahihisha saa yake, maana kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Kila setilaiti hurudia kutangaza taarifa za njia yake yenyewe kila baada ya sekunde 30, nazo hufaa kwa saa chache tu. Simu yenye intaneti huzipakua taarifa hizo mara moja. Isiyo na bando hulazimika kuzisikiliza kutoka angani bila kukatizwa, na ukikatiza kwa kuitia mfukoni au kuingia chini ya mwembe, huenda ikaanza upya. Kwa hiyo, ukielekea hifadhini au kijijini kusiko na mtandao, fungua ramani ukiwa bado na data. Ukiwa umeshafika, iweke simu juu ya boneti ya gari lililosimama, skrini ikitazama juu, uiache hapo dakika kadhaa bila kuichezea. Hakikisha pia kwamba tarehe na saa vinajirekebisha vyenyewe, kwani simu yenye saa ya uongo hushindwa kufungua miunganisho salama ya intaneti na hivyo kukosa misaada hiyo yote.

Kuna mahali ambapo hata simu nzuri hukosea. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, mawimbi hugonga kuta ndefu kabla ya kufika, na kitone huruka kwenda kichochoro cha pili. Anza pale Forodhani au Darajani, kitone kitulie, ndipo uingie ukihesabu kona kwa macho yako. Kwenye makutano ya Ubungo jijini Dar es Salaam, ambako barabara hupitana kwa ngazi tatu, programu haiwezi kujua kwa uhakika uko ngazi ipi, na maelekezo yake hapo yasikuzuie kusoma vibao.

Kitone kikiwa sahihi lakini mshale unaelekea nyuma, tatizo ni dira, ambayo haihusiani na setilaiti hata kidogo. Dira ya simu husoma usumaku wa dunia, na kava lenye sumaku ya kufungia au kishikio cha sumaku cha kwenye gari huidanganya. Ondoa kava, kisha uizungushe simu hewani kwa kuchora umbo la nane mara kadhaa. Ukitembea kwa mwendo wa kawaida mshale hujirekebisha wenyewe, kwa kuwa hapo simu hukisia mwelekeo kutokana na kuhama kwa kitone.

Ramani yenyewe ndiyo yenye mambo mengi. Skrini ya kijivu yenye kitone peke yake inamaanisha kwamba GPS inafanya kazi na kilichokosekana ni picha ya ramani. Ramani ulizopakua kwenye Google Maps huisha muda wake zisiposasishwa, na bila intaneti hazitoi maelekezo ya kutembea kwa miguu. Msafiri wa porini hupata unafuu zaidi kwa programu za OsmAnd au Organic Maps, ambazo huhifadhi nchi nzima kutoka ramani huria ya OpenStreetMap. Hata hivyo, hakuna ramani inayojua kwamba barabara ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, imefungwa na maji ya masika asubuhi ya leo.

Kosa linalowapeleka watu mbali kuliko yote liko kwenye namba za mahali, yaani latitudo na longitudo zinazotumwa kwa ujumbe. Katikati ya Dar es Salaam ni takriban -6.82, 39.28. Ukisahau alama ya kutoa, ramani itakupeleka milima ya kusini mwa Ethiopia. Ukigeuza mpangilio wa namba hizo, utaangukia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Hatari iliyojificha zaidi ni ya dakika: nyuzi 6 na dakika 50 si 6.50 bali ni 6.83, na anayeziandika kwa makosa pamoja na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 17 atajikuta baharini kwenye mkondo wa Zanzibar. Gawanya dakika kwa 60 kabla ya kuziingiza. Aidha, namba zilizonakiliwa kutoka ramani za zamani za karatasi za Tanzania na Kenya hufuata mfumo wa Arc 1960, ambao hutofautiana na wa GPS kwa mita 300 hivi. Chagua mfumo huo kwenye programu inayoruhusu, au ubadilishe namba kwanza.

Endapo simu hurekodi njia vizuri skrini ikiwa imewaka lakini hukoma skrini inapozimika, mhusika ni kiokoa betri. Iondolee programu hiyo vizuizi vya kufanya kazi chinichini.

Yote yakishindikana, weka GPSTest, programu ya bure inayoonyesha nguvu ya kila setilaiti. Mahali pa wazi, nguvu ya setilaiti kadhaa inapaswa kuzidi 30 kwa kipimo cha dB-Hz. Setilaiti zikiwa dhaifu kwako huku simu ya jirani, iliyowekwa papo hapo, ikizipata vizuri, na simu yako ilifunguliwa hivi karibuni kubadilishwa kioo au betri, huenda viunganishi vya antena havijagusana sawasawa. Mweleze fundi hivyo, na usikubali airudishe simu kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuifungua, maana atafuta ramani na picha zako na antena itabaki vilevile.